Kijana wa miaka 16 anatoka wodini baada ya kuzidisha vidonge: majirani, shule na grupu la ukoo waambiwe nini?

Mlezi_wa_Jumuiya

Habari za jioni wakuu. Naandika kwa niaba ya wazazi walioniomba niulize, wao kwa sasa hata simu inawashinda kushika. Kijana wao wa kidato cha tatu alikutwa chumbani hajitambui, kameza tramadol, vile vidonge vikali vya maumivu, na pombe kali juu yake. Alikimbizwa hospitali hapa Mbeya mjini, hii ni siku ya pili wodini, na daktari amesema akilala vizuri usiku huu kesho anaruhusiwa.

Habari zimeshaanza kutembea. Baba mdogo wake alituma kwenye grupu la ukoo picha ya kijana yuko kitandani na dripu, akiomba mchango. Chini yake watu wanaandika "poleni sana, ni unga au?" Jumuiya inataka kuja kumwona kesho hiyo hiyo jioni. Shule, ambayo ni ya bweni, inataka maelezo kwa maandishi. Bibi yake Tukuyu anasema aletwe kijijini apumzike. Shangazi ameshatafuta nyumba ya kuacha dawa na anataka apelekwe moja kwa moja kutoka wodini. Mama anataka watu wote waambiwe ni malaria kali, yaishe. Polisi walitajwatajwa wodini ila hajaja mtu.

Wenye kazi hizi naomba mnisaidie: nani aambiwe nini, na kijana akifika nyumbani kianze kipi.

(Nimehariri: nimetoa jina la shule, kata na tarehe ya kulazwa.)

Nesi_wa_Zamu

Umefanya vizuri kuvitoa hivyo vitu. Jina hukuliandika, lakini shule, kata na tarehe vikikaa pamoja, mtu yeyote wa Mwanjelwa anakutajia mtoto ni wa nani kabla hajamaliza kusoma.

Kabla ya majirani kuna daktari, na huyu ndiye asifichwe kitu. Kesho kabla ya kusaini, mzazi mmoja amwombe dakika tano pembeni, si pale kitandani ambako mgonjwa wa jirani anasikia. Ajue majibu ya haya.

Vidonge vilikuwa tramadol tupu au vilichanganywa na parasetamoli? Kuna vidonge vinavyokuja vimechanganywa kiwandani, na vijana wengi humeza chochote kilichopo kwenye kopo. Parasetamoli ikizidi ina tabia mbaya: siku ya kwanza mtu anaweza kuonekana mzima kabisa, anakula, anaongea, halafu ini linaanza kuharibika siku ya pili hadi ya nne. Kwa hiyo "anaonekana vizuri" haitoshi. Kama pakiti haikupatikana, uliza kama kipimo cha ini kimefanyika, na kama kitarudiwa lini. Pakiti au kopo likipatikana nyumbani, hata tupu, liletwe. Msilitupe kwa aibu.

Alipata degedege? Tramadol ikizidi huleta degedege, tofauti na dawa nyingine za jamii yake. Kama alipata, mwambieni daktari hata kama ilikuwa nyumbani kabla ya kufika. Na kama alichomwa naloksoni, dawa ya kumzindua aliyezidiwa na tramadol na jamii yake, mjue kwamba kazi yake huisha ndani ya nusu saa hadi saa moja na nusu hivi, wakati dawa aliyomeza inaweza kubaki mwilini muda mrefu zaidi. Ndiyo maana mgonjwa aliyezinduka haruhusiwi papo hapo, na ndiyo maana wanaotoroka wodini usiku kwa kuogopa polisi hurudishwa wakiwa na hali mbaya kuliko mwanzo.

Nyumbani, usiku wa kwanza na wa pili asilale peke yake. Mtu mzima alale chumba hicho hicho. Mkisikia anakoroma kwa mkoromo mzito wenye majimaji, mwamsheni. Haamki? Hesabuni pumzi kwa dakika nzima kwa saa, msikadirie. Chini ya kumi, au midomo na kucha vimegeuka rangi ya bluu, huyo ni wa hospitali sasa hivi. Mlazeni ubavu, goti la juu limekunjwa mbele ili asigeukie kifudifudi, kichwa kimeinuliwa nyuma kidogo. Akiacha kupumua, apuliziwe pumzi moja kila sekunde tano huku mnatafuta gari.

Na tafadhali, maziwa hapana. Kutapishwa kwa kidole hapana. Mtu aliyelegea akinyweshwa kitu kinaingia kwenye mapafu, na hapo mmeongeza ugonjwa wa pili. Kumwagia maji ya baridi kwa hali ya hewa ya huku kwetu mwezi wa saba ni kumwongezea taabu tu.

Wiki hiyo ya kwanza akianza kutapika, kuumwa chini ya mbavu za kulia, macho kuwa ya njano au kuongea vitu visivyoeleweka, msingoje tarehe ya kliniki.

Baraka_Forest

Mimi niko na mama. Semeni malaria. Malaria haina maswali, kila nyumba inaijua, watu wataleta sukari na sabuni, watasema pole, wataondoka. Hii ya kuelezaelezana ndiyo inaleta maneno.

Ustawi_Nyanda

Baraka, nakuelewa unapotoka, lakini uongo huu una gharama na anayelipa ni mtoto. Tuseme siku ya tatu anazidiwa, wazazi hawapo, jirani mwema anambeba hadi zahanati na kusema "huyu ana malaria, katoka hospitali juzi". Atapimwa malaria na kutundikiwa dripu, wakati shida iko kwenye ini. Halafu kijana mwenyewe anajua si malaria. Anachosikia kila mgeni akija ni kwamba alichofanya hakitamkiki hata na mama yake. Atamwambia nani siku akitamani tena?

Ila kutosema uongo si kumweleza kila mtu. Hapo ndipo familia nyingi zinakwama, wanadhani ni ama kuficha yote ama kumwaga yote. Chukueni sentensi moja, ya kweli, fupi, na watu wote wa nyumba hiyo waseme hiyo hiyo, kuanzia baba hadi dada wa kazi: "Alizidiwa ghafla, akalazwa, sasa anaendelea vizuri, daktari kasema apumzike." Mtu akichimba, "Ni ugonjwa gani?" jibu ni "Mambo mengine tumemwachia daktari. Asante sana kwa kuja." Halafu mnabadilisha mada: mvua, mbolea, watoto wake hawajambo? Anayeuliza mara ya tatu anaambiwa yale yale, kwa sauti ile ile. Umbea unakufa ukikosa maneno mapya. Sentensi zikiwa mbili tofauti ndani ya nyumba moja, hapo ndipo unapata chakula.

Wanaopaswa kujua ukweli wote ni wachache: wazazi au walezi, daktari, mtu mzima mmoja wa kusaidia nyumbani ambaye kijana mwenyewe anamkubali, na baadaye mtu mmoja shuleni. Wadogo zake waambiwe kwa kiwango chao: "Kaka alimeza dawa zikamzidi, amepona, na haikuwa kosa lenu." Watoto wasipoambiwa chochote hujitungia, na wanachojitungia huwa kibaya kuliko kilichotokea. Bibi wa Tukuyu aambiwe na mwanawe mwenyewe, uso kwa uso ikiwezekana. Asije kulisikia kwa mtu mwingine.

Kijana aulizwe pia. Ana miaka 16, si mzigo. "Nani ungependa ajue? Nani hutaki?" Mwandikieni orodha hiyo na muiheshimu, isipokuwa pale usalama wake unapodai vingine, na hapo mwambieni kabla hamjamwambia huyo mtu.

Wageni wa jumuiya msiwazuie kabisa. Mlango uliofungwa Mbeya hii unasema mengi kuliko wazazi wenyewe. Ila wasije kesho. Waombeni waje siku ya tatu au ya nne, wawakilishi wanne watano, wapokewe sebuleni, si chumbani kwa mgonjwa. Kijana akitaka atoke asalimie dakika mbili arudi, asipotaka alale. Mlezi wewe ndiye uwaongoze: wimbo mmoja, sala fupi, na katika sala hiyo pasiwepo "Bwana umwokoe na roho ya madawa". Hilo litakuwa limefika Mbalizi kabla chai haijapoa.

Wakili_Kabwe

Naingia kwenye mambo matatu.

Picha kwenye grupu. Afya ya mtu na taarifa za mtoto ni taarifa nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na aliye chini ya miaka 18 ni mtoto kwa Sheria ya Mtoto ya 2009. Lakini mahakamani na baba mdogo hamuendi, anzeni na simu. Baba wa kijana ampigie ndugu yake, asimjibu ndani ya grupu. "Mdogo wangu, asante kwa kuhangaika. Naomba hiyo picha uifute kwa wote." WhatsApp inaruhusu mtumaji kufuta kwa wote kwa muda wa kama siku mbili na nusu tu, kwa hiyo ni leo, si wiki ijayo. Kiongozi wa grupu naye anaweza kufuta ujumbe wa mwanakikundi. Waliokwisha kuipakua wanayo, hilo halifutiki. Ombeni mmoja mmoja kwa simu, wale mnaojua wana tabia ya kurusha kwenye status. Msiandike ndani ya grupu "acheni kusambaza habari za dawa za mtoto wetu", maana hapo mmethibitisha kilichokuwa tetesi.

Mchango uendelee. Mchango unahitaji kiasi, jina la mpokeaji na namba. Ugonjwa hauhitajiki.

Polisi na PF3. Matukio ya sumu na kuzidisha dawa mara nyingi hospitali huyapeleka kwenye utaratibu wa PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu. Dharura hutibiwa kwanza, karatasi hufuata. Kosa la familia nyingi ni kutoa maoni badala ya kujibu swali. Kanuni ya Adhabu bado inataja kujaribu kujiua kama kosa, na Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya 2015 inagusa hata kutumia, si kuuza tu. Kwa hiyo mzazi asianze kubuni kilichokuwa moyoni mwa mtoto. Aseme alichokiona: "Nilimkuta saa fulani, hajitambui, pembeni kulikuwa na hiki." Msidanganye, na msikisie. Kijana asihojiwe peke yake. Ombeni mzazi awepo, na afisa ustawi wa jamii wa halmashauri aitwe. Kwa daktari ni kinyume chake: kule mwageni yote hadi dhana zenu, kwa sababu anatibu na ana wajibu wa kutunza siri. Mhudumu akiitoa siri hiyo nje, malalamiko yaandikwe kwa mganga mfawidhi, kwa tarehe na kwa maneno yaliyosemwa.

Shule. Hapa muwe waangalifu kweli. Kanuni za kufukuza wanafunzi za mwaka 2002 zinataja matumizi ya dawa za kulevya miongoni mwa sababu. Barua ya mzazi yenye neno "madawa" inakaa kwenye faili miaka yote, hata mkuu wa shule mwenye huruma akihamishwa. Ombeni barua ya daktari isiyo na jina la ugonjwa, kitu kama: "Mwanafunzi tajwa alilazwa kuanzia tarehe fulani hadi fulani, anaendelea na matibabu ya nje, apumzike kwa siku 14 na aruhusiwe kuhudhuria kliniki." Hiyo ni kweli tupu na inatosha kwa maandishi. Karatasi ya kuruhusiwa, ile yenye maelezo yote, haipelekwi shule. Wala isiachwe juu ya meza ya sebuleni chini ya gazeti. Mgeni huinua gazeti.

Nesi_wa_Zamu

Naongezea kwa wakili: kama vidonge vilitoka bwenini, kuna watoto wengine wamebaki navyo. Patron au matron anaweza kuambiwa "kagueni, kuna tramadol inazunguka" bila kutaja nani kalazwa. Hilo msilinyamazie kwa ajili ya siri.

Mlezi_wa_Jumuiya

Asanteni mno. Picha imefutwa saa hii, baba mdogo hakubisha. Maswali mawili yamebaki. Mama anauliza: akimuuliza mtoto kama alitaka kufa, hatamtia wazo ambalo hakuwa nalo? Na hii ya kijijini au nyumba ya kuacha dawa, ipi ni nafuu?

Mnasihi_Iringa

Kuuliza hakutii wazo. Hili limechunguzwa sana na wataalamu wa afya ya akili, na kwa wengi kuuliza wazi huwapunguzia mzigo. Kinachoharibu ni namna ya kuuliza. Msimketishe kwenye kiti, wazazi wawili upande wa pili kama baraza la kata. Mmoja tu, tena mkiwa na kazi ya mikono, mnamenya viazi au mnapukuchua mahindi, macho yako yapo kwenye kazi. Halafu: "Siku ile, ulitaka kulewa, ulitaka kulala usahau, au ulitaka kufa?" Unampa njia tatu, zote zimeshatamkwa na wewe, kwa hiyo hata ya tatu haimchomi ulimini. Kisha nyamaza. Kimya cha dakika mbili ni kirefu, kivumilie. Akisema alitaka kufa, usimjibu "Hivi wewe una shida gani sisi tusizokuwa nazo?" Uliza "Na leo?" Jibu la leo likiwa ndiyo, au likiwa "sijui", kesho mko kwa daktari, hata kama kliniki ni ya wiki ijayo.

Wiki na miezi ya mwanzo baada ya kutoka hospitali ndiyo yenye hatari kubwa. Kwa hiyo msitoke wodini bila tarehe ya kurudi, na iwe ndani ya siku saba. Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya ina huduma ya afya ya akili. Ina pia kliniki ya methadoni, ila hiyo ni ya watu waliozoea heroini na jamii yake. Kijana aliyemeza vidonge mara moja hapangiwi methadoni, shangazi asiwachanganye.

Nyumba ya kuacha dawa moja kwa moja kutoka wodini, hapana. Kwanza haijajulikana kama ana uraibu, au alimeza siku moja kwa sababu ambayo hamjaisikia bado. Daktari ndiye apime hilo. Ikija kuonekana anahitaji, ulizeni kabla ya kulipa: imesajiliwa? Inapokea walio chini ya miaka 18, na wanalala wapi, mbali na watu wazima au pamoja? Nani anatoa dawa na ana taaluma gani? Mzazi anaruhusiwa kumwona lini? Wakisema mwezi wa kwanza hamtamwona kabisa, au mkiona mnyororo, ondokeni naye. Namba 119 ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ni ya bure, waulizeni nyumba ipi inatambulika. Ya watoto ni 116, bure pia, na kijana mwenyewe anaweza kuipiga.

Kijijini nako kuna mtego. Tukuyu ni zaidi ya kilomita 60 kutoka kliniki, atakuwa na bibi anayelala mapema, hana rafiki, na nyumba ya mkulima ina dawa za viazi chini ya kitanda na vidonge vya kuhifadhia mahindi ghalani. Akienda, aende baada ya mwezi, kwa wiki moja, na baada ya mtu kwenda kuvitoa hivyo kwanza. Bibi aje Mbeya yeye. Kwa kweli bibi anayekaa jikoni na mjukuu wake bila kuuliza swali ni tiba ambayo sisi wanasihi hatuna.

Jambo moja ambalo halisemwi: kama alikuwa anatumia mara kwa mara, akikaa siku chache bila kutumia mwili unasahau. Kipimo alichokuwa anakizoea kinaweza kumuua akirudia. Mwambieni wazi, kama mnavyomwambia mtu asiogelee penye mamba. Si tishio.

Ustawi_Nyanda

Na simu yake msimnyang'anye. Ndiyo njia yake ya kupiga 116, na marafiki wakikosa jibu watauliza kwenye status zao. Kubalianeni usiku inachajiwa sebuleni, basi.

Mlezi_wa_Jumuiya

Nimeelewa. Kesho kabla hajafika tunapita nyumba nzima. Naomba mniambie cha kukusanya.

Nesi_wa_Zamu

Leteni sanduku la bati lenye kufuli. Humo: dawa za presha na sukari za mzee, za kifafa, za usingizi, amitriptilini (dawa ya sonona) kama ipo, parasetamoli zote, hata za kwenye pochi ya mama na za kwenye gari, shira za kikohozi, vilivyobaki vya matibabu ya zamani. Vilivyoisha muda rudisheni duka la dawa au hospitali, visitupwe chooni wala jalalani. Pombe itoke nyumbani, isiingie sandukuni. Sumu ya panya, dawa za mashamba na vidonge vya ghalani visikae kwenye sanduku wala kwenye nyumba hiyo kabisa, mpelekeeni mtu mwingine mzima avifungie. Dawa alizoandikiwa yeye mpeni za siku moja moja, mkononi, na mwone amemeza.

Mlezi_wa_Jumuiya

Ufunguo mama anasema atauweka juu ya kabati, nyuma ya redio.

Nesi_wa_Zamu

Hapo kila mtoto wa nyumba hiyo anapajua. Auvae shingoni, hata bafuni.